Profesa anataka SPSS, mwenzangu anataka Python, na mtunza data ni mimi

Shikamoo Shangazi,

Najua wengi hukuandikia mambo ya ndoa na mawifi. Langu ni la kompyuta, ila limeanza kunigombanisha na watu ninaowaheshimu, ndiyo maana nimeona nililete kwako.

Mimi ni mtafiti msaidizi kwenye mradi wa afya ya mama na mtoto. Nilisomea uuguzi. Aliyekuwa akitunza data zetu alipata kazi kwingine, na kwenye kikao jina langu likatajwa kwa sababu eti mimi ni makini. Nikakabidhiwa folda iliyojaa mafaili ya Excel: dodoso_mwisho, dodoso_mwisho2, dodoso_mwisho_kabisa, dodoso_mwisho_Profesa. Hakukuwa na maelezo yoyote ya lipi limezaliwa na lipi.

Nilidhani nitazoea. Kisha jarida tulilopelekea makala likaturudishia maoni, na mhakiki mmoja akataka tueleze namba za jedwali la pili tumezipataje. Nilifungua faili moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililonipa idadi ya akina mama iliyoandikwa kwenye makala. Humo humo nikakuta makubwa mengine. Namba za utambulisho zilizoanza na sifuri zimepoteza sifuri zake, kwa hiyo akina mama hao hawaungani tena na watoto wao kwenye faili la watoto. Tarehe za kujifungua zimevurugika: tarehe 3 mwezi wa 7 imekuwa tarehe 7 mwezi wa 3, lakini nyingine ziko sawa, hivyo siwezi hata kuzigeuza zote kwa mkupuo. Zahanati moja imeandikwa kwa namna nyingi hadi kompyuta inadhani ni zahanati tofauti.

Profesa anasema tatizo ni uzembe wa kutaja mafaili, programu hazina kosa. Tusafishe kwenye Excel, tuchambue kwa SPSS, programu ya takwimu, kama alivyofanya maisha yake yote ya kazi, basi. Ni mtu mwema, amenilea kikazi, na ndiye atakayeniandikia barua nitakapoomba nafasi ya shahada ya uzamivu.

Mwenzangu wa maabara anasema Excel na SPSS ni mambo ya kale. Anataka tuhamie Python, lugha ya kuandikia amri za kompyuta, yaani kodi, na Git, ya kutunza matoleo ya mafaili; kila hatua iandikwe kwa kodi, data zikae kwenye hifadhidata. Alipokaa yeye kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikwenda. Alipoondoka nikabaki natazama dirisha jeusi la kuandikia amri bila kujua niandike nini. Wenzetu wawili wanaoingiza data wamesema wazi kwamba wakilazimishwa kuandika kodi wataomba kuhamishwa.

Juu ya hayo, leseni ya SPSS ni ya idara na kila mwaka ni kizaazaa kujua kama itahuishwa.

Sasa nimepewa kazi ya kupendekeza kwenye kikao kijacho programu "rafiki kwa anayeanza" zitakazotumiwa na wote. Nimesoma mpaka nimechoka. R, Stata, jamovi, OpenRefine, REDCap. Kila mwenye chake anasema ndicho rahisi. Nikimfuata Profesa, mwenzangu ataniona mwoga. Nikimfuata mwenzangu, nitakuwa nimempinga Profesa hadharani kwa jambo ambalo mimi mwenyewe siliwezi. Shangazi, nichague kipi?

Ni mimi, Mtunza Folda

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya safu hii niliwahi kutunza data za watu, kwa hiyo hilo dodoso_mwisho_kabisa nimelisoma huku nikicheka. Naamini liko kwenye kila mradi duniani, na lina ndugu yake aitwaye mwisho_kabisa_sahihi.

Unaniuliza programu ipi ni rahisi. Lakini kwenye barua yako jambo lililokubana ni lile jedwali la pili: mtu ameuliza namba imetoka wapi, na chumba kizima hakuna ajuaye. Jambo hilo halikuletwa na SPSS. Na Python nayo isingeliponya, kama huyo aliyeondoka angeandika kodi yake kwenye kompyuta yake akaondoka nayo. Ndiyo maana naona Profesa ana ukweli wake na mwenzako ana wake, na naona umeharakisha kidogo kuugeuza mkutano huu kuwa kura ya nani mkubwa.

Tuanze na hilo neno "rahisi", kwa sababu wanaokusifia vyao mtandaoni hawasemi ni rahisi lini. Programu ya menyu ni rahisi siku ya kwanza: unabofya, jedwali linatoka. Ugumu wake unakuja siku mhakiki anapouliza, maana mibofyo haikumbuki chochote. Kodi ni ngumu siku ya kwanza, na siku ya mhakiki unaifungua tu unasoma. Ni kama fundi cherehani anayekata kitambaa kwa jicho na yule anayekata kwa karatasi ya kipimo. Nguo zote mbili zinaweza kukaa vizuri mwilini, ila ukirudi kuagiza nyingine iliyo sawasawa, ni mmoja tu atakayeiweza. Wewe sasa umeagizwa nguo ya pili.

Excel nitaitetea kidogo, kwa kuwa imeshakuwa mtindo kuitukana. Ni nzuri kwa kuingiza data na kuzitazama kwa macho. Ubaya wake ni kwamba inakusaidia bila kuombwa. Ikiona kitu kinachofanana na namba inaondoa sifuri za mbele. Ikiona kinachofanana na tarehe inakifanya tarehe. Wanajenetiki wameteseka na hilo kwa miaka mingi: jeni iitwayo MARCH1 ikiandikwa humo inageuka tarehe 1 Machi, na SEPT1 inakuwa tarehe 1 Septemba. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe, zikawa MARCHF1 na SEPTIN1. Fikiria, sayansi ilihama njia kuipisha lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel. Microsoft nao waliongeza mpangilio wa kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023. Na usidhani ukihifadhi kwa CSV umepona. CSV ni maandishi matupu, ni umbo zuri la kutunzia, lakini ukilibofya mara mbili likafunguka kwenye Excel, sifuri zako zinaondoka vilevile. Liingize kupitia menyu ya kuleta data, na safu ya utambulisho uitaje kuwa ni maandishi kabla halijafunguka.

Kuhusu tarehe zako, huenda hali si mbaya kama unavyoiona. Kompyuta iliyopangwa kutanguliza mwezi ikipewa 3/7 inaisoma kuwa Machi 7, kwa sababu inawezekana. Ikipewa 25/7 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi inaiacha kama maandishi. Ndiyo maana nyingine ziko sawa. Kama hujabadilisha mpangilio wa seli, tazama: tarehe za kweli hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi hukaa kushoto. Ikiwa faili lote lilipitia kompyuta moja, zilizo kulia ndizo zilizogeuzwa. Thibitisha kwa madodoso ya karatasi machache kabla hujagusa lolote, maana likipita kwenye kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti, kanuni hii haifai tena. Sifuri nazo zinarudishika kama namba zote zilikuwa na urefu mmoja.

Kuna kisa ambacho ningependa Profesa na mwenzako wakisikie kwa pamoja. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa na wanasiasa wengi waliotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts huko Amherst, Thomas Herndon, akishirikiana na walimu wake wawili, alionyesha kwamba miongoni mwa matatizo ya hesabu zile ni fomula moja ya wastani iliyoishia mapema ikaacha nje nchi tano. Watu hukisimulia kisa hiki kuidharau Excel. Mimi huona pia upande mwingine. Herndon aliliona kosa kwa sababu alipewa faili, na fomula ilikuwa bado imekaa kwenye seli yake. Wastani ule ungepatikana kwa kubofya menyu, kisha namba ikanakiliwa kwenye makala, mpaka leo asingeona kitu.

Hapo ndipo ninapomgeukia Profesa. SPSS, anayoipenda, ina kitufe kilichoandikwa "Paste" kwenye karibu kila kidirisha cha uchambuzi, pembeni mwa "OK". Ukikibofya badala ya OK, programu haikimbilii kutoa jedwali. Inakuandikia amri hiyo hiyo kwa maneno kwenye faili la sintaksi, ambalo unalihifadhi na kuliendesha tena wakati wowote. Wapo waliotumia SPSS miaka na miaka bila kukigusa. Ukienda kwa Profesa, faraghani, ukamwambia, "Profesa, tubaki na SPSS, ila kila jedwali la makala liwe na faili lake la sintaksi," hujampinga. Na sehemu kubwa ya kile mwenzako anachokililia itakuwa imepatikana. Hatari inayobaki ni hiyo leseni. Ikikatika, mafaili ya data ya SPSS (.sav) yanasomeka na PSPP, ambayo ni ya bure na imetengenezwa ifanane na SPSS, na R, lugha ya kodi ya takwimu, pia huyasoma. Usingoje ikatike ndipo ujaribu kama yanafunguka.

Mwenzako naye msikilize vizuri, kwa sababu anachokitaka ni kizuri, ila anakitaka chote kwa siku moja. Python ina nguvu, na sehemu kubwa ya urahisi wake kwako ingekuwa yeye mwenyewe: mtu wa kumuuliza saa nne asubuhi ukikwama. Hilo lina uzito kuliko mabishano yote ya mtandaoni ya R na Python. Lakini jiulize mradi ukiisha, au naye akipata kazi kwingine, utabaki na nani. Kuhusu Git, ni bora sana kwa kodi na maandishi. Kwa faili la Excel itakutunzia matoleo, ila haitakuonyesha kwa usomaji wa kawaida ni seli ipi imebadilika. Na ina tabia moja ambayo anayeanza haijui: haisahau. Ukipandisha kwa bahati mbaya faili lenye majina ya akina mama kwenye hazina ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote kisha ukalifuta, bado limo kwenye historia.

Hao wenzenu wawili wanaoingiza data wamehukumiwa bila kosa. Sioni kwa nini waandike kodi. Wanachohitaji ni fomu inayokataa makosa. ODK na KoboToolbox zinafanya hivyo kwenye simu au kishikwambi: zahanati inachaguliwa kutoka kwenye orodha, haiandikwi, tarehe inachaguliwa kwenye kalenda, uzito wa mtoto ukizidi kipimo mlichoweka, fomu haisongi mbele. Fomu zenyewe zinaweza kuandaliwa kwenye lahajedwali, kwa hiyo aliyezoea Excel haanzi upya. REDCap, iliyoanzia chuo kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, ni nzuri zaidi kwa tafiti za kitabibu zenye mshiriki anayerudi mara kwa mara, lakini inataka taasisi iwe na seva na mtu wa kuisimamia. Uliza kama mnaye kabla ya kuitaja kikaoni. Lakini mkibadilisha njia ya kukusanya katikati ya mradi, mtakuwa na data za aina mbili za kuunganisha, na kazi hiyo itaangukia kwako.

Tukija kwako sasa. Ile zahanati yenye majina mengi, ningekuwa mimi ningeipeleka OpenRefine leo. Inafunguka ndani ya kivinjari lakini inafanya kazi kwenye kompyuta yako, hata bila intaneti, kwa hiyo data haziendi popote. Inakusanya tahajia zinazofanana, inakuuliza kama ni kitu kimoja, wewe unaamua. Faili la asili hailigusi, na kila hatua inaiorodhesha. Orodha hiyo unaweza kuitoa na kumpa mhakiki. Kwa mtu anayeogopa dirisha jeusi sijaona mwanzo mwema zaidi, na hapo naonyesha upendeleo wangu.

Kwa uchambuzi, kati ya SPSS na kodi kuna daraja unalolitaja kwa jina tu: jamovi. Ni ya bure, ina menyu, inafungua mafaili ya SPSS, na chini yake inaendeshwa na R. Ukiwasha hali ya sintaksi inakuonyesha kodi ya R ya kile ulichobofya, nawe unajifunza kwa kuchungulia. Udhaifu wake ni kusafisha na kuunganisha mafaili, ambako ndiko jasho lako linakotoka. R yenyewe ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand, wote wanatakwimu, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Kwa madodoso na majedwali ya namna yenu iko nyumbani. Inachosha wiki za mwanzo, nisikudanganye. Masomo ya Data Carpentry yapo mtandaoni bila malipo, na mtaala wao wa sayansi ya jamii unaanza na lahajedwali, unapita OpenRefine, ndipo unafika R. Hawakuona aibu kuanza na Excel.

Mengine ni ya kupita tu, kwa kuwa hayagombaniwi na yeyote: data ghafi zikae folda yake, ziwekewe ulinzi zisiandikike, faili lipewe tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, likae kwenye mpangilio lenyewe, pawe na kamusi inayoeleza kila safu ina maana gani, nakala rudufu iwe mahali pengine kabisa, si kwenye flashi iliyo kwenye droo ileile.

Kuhusu kikao, hebu fikiria kutokwenda na jina la programu. Nenda na jedwali la pili. Kabla ya siku hiyo chukua hilo moja, ukae nalo na mwenzako kwa Python yake, kisha ukae nalo na Profesa kwa sintaksi ya SPSS, mkianzia kwenye madodoso ya karatasi na faili mnalokubaliana kuwa ndilo ghafi. Huenda njia zote mbili zikafika kwenye namba moja, na hapo ubishi utapoa wenyewe. Huenda zikapishana, na hapo mtakuwa na jambo kubwa kuliko programu la kumwandikia mhariri wa jarida, na Profesa ndiye mwenye kulibeba hilo, si wewe. Sijui litakuwa lipi. Najua utaingia kikaoni ukiwa umefanya kazi na wote wawili, na itakuwa vigumu kwa yeyote kukuita mwoga au mpinzani. Hofu yako ya ile barua ya uzamivu naielewa, ila mwalimu aliyekulea kama unavyosema huenda akafurahi kuiandika zaidi akiona ulivyolifuatilia jedwali hilo mpaka mwisho.

Nikuulize moja ambalo hukuliandika. Katika hayo mafaili yote ya mwisho, majina na namba za simu za akina mama yamo? Na huyo aliyeondoka, alibaki na nakala kwenye kompyuta yake? Kama jibu ni ndiyo, au hata hujui, lishughulikie hilo kabla ya R na Python, na Profesa alisikie kutoka kwako wiki hii.

Wako,
Shangazi